Mcheza Ng'ambo

Usiku usio na mwezi, maji ya Ziwa Victoria mbele ya Kendu Bay, Homa Bay na Mbita hujaa taa. Ni taa za wavuvi wa omena. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni za sola, zikielea majini huku mashua zikisubiri pembeni samaki wavutwe na mwanga. Kutoka nchi kavu mtu angedhani mji mzima umehamia ziwani. Mwezi ukipevuka kazi hiyo hulala, kwa kuwa taa haina kauli pale giza linapopungua. Ng'ambo ya taa hizo, upande wa kaskazini wa Ghuba ya Winam, ndiko Seme, nyumbani kwa ukoo wa Lupita Amondi Nyong'o, mwigizaji wa jukwaa na filamu ambaye jina lake limevuka mipaka mingi kuliko la mwigizaji mwingine yeyote wa Kenya. Kazi yake nayo hufuata kanuni ya wavuvi: taa za ukumbi huzimwa, mamia ya watu hunyamaza, uso mmoja huangazwa, na macho yote yakauendea. Maisha yake yanastahili kutazamwa kutoka ufuo huu wa kusini, Homa Bay na Migori. Hakuzaliwa huku wala hakusomea huku, lakini huku ndiko hadithi za wanawake waliotoka majini, na za wanawake waliofukuzwa karamuni, zilikosimuliwa kabla sinema haijabuniwa.

Alizaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983, mtoto wa pili kati ya sita wa Dorothy na Peter Anyang' Nyong'o. Baba yake, msomi wa sayansi ya siasa, alikuwa akifundisha El Colegio de México baada ya Kenya ya wakati ule kuwa finyu mno kwa watu wenye fikra kama zake. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1980, ndugu yake Charles alikuwa ametoweka, na kutoweka huko kuliacha pengo ambalo ukoo haukuliziba. Kwa hiyo binti huyu alizaliwa ugenini, kwa watu waliowapa wazazi wake hifadhi, na jina la kwanza akalipata kwao. La pili likatoka nyumbani. Hakuwa ametimiza mwaka familia iliporudi Kenya. Alipofika umri wa miaka 16 wazazi wakamrudisha Mexico kwa miezi kadhaa ili ajifunze Kihispania, na hivyo akajikuta na lugha nne: Kijaluo, Kiswahili, Kiingereza na Kihispania. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo kwa kawaida hutafsiriwa kwa upande wa mwenyeji anayeponywa, lakini mgeni naye huondoka na kitu. Aliyepokewa akiwa mchanga hukua akijua kwamba nyumba ni mlango uliofunguliwa na mtu, na kwamba mlango huohuo ungeweza kufungwa. Mwigizaji huhitaji ujuzi huo kuliko uzuri wa sura, kwa maana kila mhusika ni nyumba ya mtu mwingine, na huingii humo kwa nguvu.

Alikulia Nairobi. Shule mojawapo aliyosoma, na ambako aliigiza katika michezo ya wanafunzi, ilikuwa na jina la Rusinga, jina la kisiwa cha Homa Bay kilichounganishwa na bara kwa njia ya Mbita. Kisiwa hicho kina kaburi la Tom Mboya, mtoto wa Rusinga aliyesaidia kupanga safari za ndege zilizowapeleka mamia ya vijana wa Kenya katika vyuo vya Marekani kuanzia mwaka 1959. Ni hukohuko Rusinga ambako Mary Leakey alifukua mwaka 1948 fuvu la Proconsul, nyani wa kale aliyeishi miaka takriban milioni 18 iliyopita, na uso ule wa kale, ukiwa na taya na matundu ya macho, ukawa miongoni mwa nyuso mashuhuri zaidi zilizopata kutolewa ardhini. Hivi vitu viwili, uso uliohifadhiwa na mwamba na ndege iliyowabeba vijana kwenda ng'ambo, havina undugu wowote na ukumbi wa shule ya Nairobi. Hata hivyo mtu wa Rusinga anaposikia jina la kisiwa chake likitajwa katika wasifu wa mwigizaji mkubwa, ni vigumu kumwambia kwamba ni sadfa tupu.

Wajaluo walikuwa na jukwaa la wanawake kabla ya shule na kumbi. Liliitwa siwindhe, nyumba ya pim, mwanamke mzee ambaye mara nyingi alitoka katika ukoo mwingine na kukabidhiwa watoto usiku. Humo wasichana walilala, na humo walisikia ngano, vitendawili, sifa na karipio, pamoja na mambo ya mwili na ndoa ambayo mama mzazi angeona haya kuyataja. Pim hakusoma, aliigiza. Alikuwa fisi, akawa sungura, akawa mke mdogo anayelia, akawa mkwe mkali, na vyote hivyo alivifanya ameketi, kwa sauti na mikono tu, moto ukiwa umefifia. Siwindhe zimekwisha, lakini kazi yake haikuzikwa nazo. Kila mwaka wasichana wa Homa Bay na Migori hupanda majukwaa ya tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo, wakianzia kaunti ndogo, wakipanda hadi kaunti na kanda ya Nyanza, na wachache hadi fainali: tamthilia, mashairi ya kughani, masimulizi, ngoma za kubuni. Jukwaa lenyewe mara nyingi ni bwalo la chakula lililofagiliwa asubuhi, meza zimesogezwa ukutani. Penye miti hapana wajenzi. Vipaji vinavyoonekana katika mabwalo hayo kwa dakika thelathini vinatosha kujaza ukumbi kwa miaka, lakini msimu ukiisha msichana hurudi darasani, sare ya mchezo ikakunjwa, na pengine asiigize tena maisha yake yote.

Lupita alikuwa na bahati ya kuwa karibu na jukwaa lililofunguliwa mwaka mzima. Akiwa na miaka 14 aliigiza Juliet katika Romeo and Juliet ya Phoenix Players, kundi la Nairobi lililokuwa na ukumbi wake katikati ya jiji. Msichana wa miaka 14 kumwigiza msichana ambaye Shakespeare mwenyewe alimpa umri wa chini ya miaka 14 ni jambo adimu; kumbi nyingi za dunia huwapa nafasi hiyo wanawake wakubwa waliokwisha kusahau hofu ya umri ule. Kitu kingine kilichomsukuma kilikuwa filamu ya The Color Purple, ambamo aliwaona Whoopi Goldberg na Oprah Winfrey, wanawake wanaofanana naye, wakibeba hadithi nzima mabegani. Kuona ndiko kulikotangulia. Mtu hawezi kutamani chumba asichojua kwamba kipo.

Hata hivyo hakujitosa moja kwa moja. Alikwenda Chuo cha Hampshire, Marekani, kusomea filamu na sanaa za maonyesho, na aliporudi likizo Kenya alifanya kazi nyuma ya kamera katika utayarishaji wa The Constant Gardener, filamu ya mwaka 2005 iliyopigwa kwa sehemu nchini. Ralph Fiennes, aliyekuwa nyota wa filamu hiyo, alimshauri asiifuate kazi ya uigizaji ila kama anaona hawezi kuishi bila hiyo. Ni ushauri mgumu, na wengi waliopewa mfano wake walikata tamaa. Katika filamu hiyohiyo ulitumika wimbo wa Kothbiro wa Ayub Ogada, mpiga nyatiti aliyewahi kuigiza pia, na ambaye alifariki mwaka 2019. Hivyo katika kazi moja walikutana, bila kuonekana pamoja kwenye picha, mzee wa nyatiti aliyeishi kwa sauti yake na binti aliyekuwa akibeba vifaa vya wengine. Nyatiti kwa desturi ilikuwa ya wanaume. Wanawake wa ziwa walikuwa na dodo, wimbo na ngoma yao, wenye kejeli na majina ya watu ndani yake. Kila mtu alijua zamu yake na mahali pake, na msichana aliyetaka chombo kisicho chake alilazimika kusubiri karne igeuke.

Kazi yake ya kwanza ya uelekezi ilikuwa In My Genes, filamu ya hali halisi kuhusu maisha ya watu wenye ualbino nchini Kenya, aliyoitengeneza alipokuwa mwanafunzi na kuitoa mwaka 2009. Ilikuwa miaka ya kutisha. Upande wa Tanzania wa ziwa, Mwanza na Shinyanga, watu wenye ualbino walikuwa wakiwindwa na kuuawa kwa sababu ya imani za kishirikina kuhusu viungo vyao, na Migori ni jirani wa mlango: barabara ya Isebania inaingia Sirari na mtu amefika mkoa wa Mara. Inafaa kukumbuka kwamba msanii ambaye baadaye dunia ingemzungumzia sana kwa ngozi yake nyeusi alianza kwa kuwasikiliza watu wanaoteswa kwa ngozi yao nyeupe. Swali lilikuwa moja tangu mwanzo. Ni nani anayeamua mwili upi una haki ya kupita barabarani bila kutazamwa vibaya?

Mwaka huohuo wa 2009 alionekana kama Ayira katika Shuga, mfululizo wa televisheni wa MTV uliopigwa Nairobi, kuhusu vijana, mapenzi na virusi vya UKIMWI. Kwa mtazamaji wa Ulaya huenda huo ulikuwa mchezo wa kuelimisha. Kwa Homa Bay ulikuwa habari za nyumbani. Uchunguzi wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta maambukizi ya asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay na asilimia 13.0 ya wa Migori, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 4.9. Katika fuo za ziwa kuna mpango unaojulikana na kila mtu, jaboya, ambapo mwanamke mchuuzi wa samaki hupata mzigo wa mvuvi kwa kumpa mwili juu ya pesa. Mwanamke wa jaboya hajitoi kwa ulimbwende. Anajua mashua zimepungua, samaki wamepungua, na asiyekuwa na mvuvi wake hurudi sokoni na beseni tupu. Katika Ayira, msichana wa mjini mwenye ndoto na mpango wa kupanda ngazi kupitia wanaume, mtu wa ufuoni angeweza kuliona soko lilelile likiwa limevaa viatu vya kisigino.

Na hapo ndipo jina la msanii wa Migori linapojileta. Princess Jully alishika bendi ya mumewe, Prince Jully, baada ya mume huyo kufariki mwishoni mwa miaka ya 1990, akaimba Dunia Mbaya, wimbo wa benga ulioonya kuhusu UKIMWI wakati majirani walikuwa bado wanautaja ugonjwa huo kwa kunong'ona. Alikuwa mwimbaji, si mwigizaji wa filamu, lakini aliyemwona jukwaani hakuweza kukana kwamba alikuwa akiigiza: mavazi, kiuno, macho yanayomtafuta mtu mmoja katika umati, mjane anayecheza huku akisimulia msiba. Ujasiri wake haukuwa mdogo kuliko wa nyota yeyote wa Hollywood. Ulikuwa mkubwa zaidi, kwa sababu asubuhi iliyofuata alilazimika kupita sokoni mbele ya watu walewale aliowaimbia. Wahenga husema mcheza kwao hutunzwa. Princess Jully alicheza kwao, na kwao wakacheza naye. Je, walimtunza kwa kiasi kile walichochukua kwake? Wasanii wa kike wa kanda hii wamezoea kushangiliwa usiku na kusengenywa mchana, na shangwe ya usiku hailipi bili ya hospitali.

Baada ya Shuga, Lupita alirudi shuleni, safari hii Yale, ambako alihitimu shahada ya uzamili ya uigizaji mwaka 2012. Kabla hajakabidhiwa cheti, Steve McQueen alikuwa amemchagua kumwigiza Patsey katika 12 Years a Slave, filamu iliyotolewa mwaka 2013 kutokana na kumbukumbu za Solomon Northup zilizochapishwa mwaka 1853. Patsey alikuwa mtu wa kweli, mtumwa katika shamba la pamba la Louisiana, mvunaji aliyewapita wanaume kwa uzito wa pamba aliyochuma kwa siku, na aliyeteswa na bwana wake kwa tamaa na bibi yake kwa wivu. Katika filamu kuna mahali ambapo Patsey ameketi chini akisokota vidoli kwa maganda ya mahindi. Hakuna anayemzuia, hakuna anayemtazama. Kwa muda mfupi ni mtoto. Yeyote aliyekulia Rongo au Ndhiwa, ambako mahindi ni chakula na magunzi ni kuni na vitu vya kuchezea, ataijua mikono ile bila kuelezwa. Mwelekezi angeweza kuliacha tendo hilo likapita kama pambo. Mwigizaji alilifanya liwe moyo wa mhusika, kwa vile anayemiliki kidoli bado anamiliki kitu ambacho mjeledi haujakifikia. Vilio vya Patsey ndivyo vilivyokumbukwa na wengi. Vile vidoli ndivyo vinavyoonyesha kipaji.

Usiku wa tarehe 2 Machi 2014 huko Hollywood, siku moja baada ya kutimiza miaka 31, alipewa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike. Kenya ilikuwa asubuhi ya Jumatatu, matatu zimejaa, na hakuna Mkenya aliyekuwa amewahi kushika tuzo hiyo kwa uigizaji. Katika hotuba yake alikiri kwamba furaha nyingi ya maisha yake inatokana na maumivu makubwa ya maisha ya mtu mwingine, akimkusudia Patsey. Sanamu ya Oscar hupakwa dhahabu. Huko Nyatike, Migori, dhahabu ina sura nyingine. Mgodi wa Macalder ulifungwa miaka ya 1960, lakini watu hawakuacha kuchimba. Wanaume hushuka mashimoni, na wanawake hukaa juu wakiponda mawe, wakiyasaga, wakiyaosha, wakichanganya vumbi na zebaki kwa mikono mitupu ili wapate chembe isiyojaza ukucha. Hakuna anayesema chembe hiyo ilifika kwenye sanamu. Kinachosemwa ni kwamba dhahabu yoyote inayong'aa mkononi mwa mtu imepita kwanza katika mkono uliochubuka, na mshindi yule, kwa kumtaja Patsey mbele ya dunia, alionyesha kwamba analijua hilo.

Kisha ukaja mzozo wa furaha, Wamexico wakisema ni wa kwao na Wakenya wakisema ni wa kwao. Yeye aliwajibu wote kwamba ni wa pande zote mbili. Jambo zito zaidi lilikuwa la ngozi. Siku chache kabla ya Oscar alikuwa amesimama mbele ya mkutano wa wanawake weusi wa Hollywood na kusimulia jinsi alivyomwomba Mungu akiwa mtoto aamke siku moja akiwa mweupe, mpaka alipomwona mwanamitindo Alek Wek wa Sudan Kusini akisifiwa. Katika masoko ya Migori na Homa Bay, kama kwingineko Afrika Mashariki, vikopo vya mkorogo huuzwa kando ya sabuni na chumvi, na wasichana waliozaliwa na weusi mzuri wa watu wa ziwa hujichubua hadi vifundo vya vidole vibaki peke yake vikisema ukweli. Mwaka 2019 Lupita alitoa Sulwe, kitabu cha watoto kilichochorwa na Vashti Harrison, ambacho baadaye kilipata pia matoleo ya Kiswahili na Kijaluo. Ndani yake kuna ngano ya dada wawili, Usiku na Mchana. Watu wanampenda Mchana na kumtukana Usiku, hadi Usiku anaondoka zake, na hapo dunia inagundua kwamba mwanga usiokoma ni adhabu. Ngano hii ina sauti ya siwindhe. Aliyedharauliwa hapigi kelele wala halipizi kisasi. Anaondoka tu, na waliobaki ndio wanaohesabu hasara.

Filamu zilimtafuta, lakini mwaka 2015 alirudi jukwaani, uamuzi ambao wengi wa rika lake wangeuogopa. Tamthilia ilikuwa Eclipsed ya Danai Gurira, kuhusu wanawake walioshikwa mateka na kamanda wa waasi katika vita vya Liberia. Alikuwa ameijua tangu Yale, alikokuwa mwigizaji wa akiba wa mchezo huo. Ulianzia Public Theater, New York, na mwaka 2016 ukahamia Broadway, ukiwa wa kwanza huko ambao mwandishi, mwelekezi na waigizaji wote walikuwa wanawake weusi. Naye akateuliwa kuwania tuzo ya Tony. Jukwaani hakuna kurudia tendo mara ishirini. Mwili uleule hupanda kila jioni na kufa kila jioni. Mwaka 2017 alitumia sauti hiyohiyo kwa jambo lisilo mchezo, alipoandika katika New York Times jinsi mtayarishaji Harvey Weinstein alivyomsumbua alipokuwa bado mwanafunzi, na akataka ukimya uvunjwe.

Filamu iliyo karibu zaidi na kina mama wa ziwani ni Queen of Katwe ya Mira Nair, ya mwaka 2016. Humo ni Harriet, mjane wa mtaa wa Katwe, Kampala, mama wa Phiona Mutesi, msichana aliyepanda kutoka uchuuzi wa mahindi hadi mashindano ya kimataifa ya sataranji. Harriet hana hotuba. Ana kodi ya nyumba, mafuriko, kitambaa anachokiuza kwa ajili ya mtoto, na hofu ya mama anayeona mwanawe akiinuka kwenda mahali ambapo yeye hataweza kumfuata. Ukimwona Harriet akipanga bei, umewaona wanawake wa soko la Homa Bay wakipima omena kwa gorogoro. Black Panther ya mwaka 2018 ilimpa umaarufu mpana zaidi kama Nakia, na ikaonyeshwa Kisumu wakati baba yake alikuwa gavana wa kaunti hiyo. Lakini wengi wa Migori wamezoea kukutana na filamu kubwa za ng'ambo katika vibanda vya video, kwenye benchi la mbao, zikisimuliwa kwa Kiswahili na Sheng cha DJ Afro, msimuliaji anayewapa wahusika maneno ambayo hakuna mwandishi wa Hollywood aliyeyaota. Kuna wasomi wanaokidharau kibanda. Wanakosea: humo filamu hupokewa kama mgeni, ikavuliwa viatu, ikapewa chakula cha nyumbani.

Mwaka 2019 aliigiza katika Us ya Jordan Peele watu wawili kwa pamoja, Adelaide anayeishi juu na Red anayeishi chini ya ardhi pamoja na umati wa watu waliosahauliwa. Chama cha wahakiki wa filamu wa New York kilimpa tuzo ya mwigizaji bora, na kilistahili, kwa kuwa sauti ya Red, iliyokwaruza kama mtu aliyebanwa koo, haifanani na kitu chochote alichowahi kufanya. Huku nako kuna hadithi ya walio chini. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la chumvi liitwalo Simbi Nyaima, ambalo flamingo hulitembelea. Inasimuliwa kwamba palikuwa na kijiji hapo. Bibi kizee alifika usiku, amelowa, watu wakiwa katika pombe na ngoma. Wakamfukuza, isipokuwa mwanamke mmoja aliyemkaribisha motoni. Bibi akamwambia aondoke, na nyuma yake kijiji kikazama pamoja na ngoma yake. Hadithi husimuliwa kama onyo juu ya ukarimu. Us inaligeuza swali: vipi kuhusu walio chini, wanaoendelea kucheza ngoma ileile gizani, wakisubiri siku ya kupanda?

Filamu zilizofuata zilikuwa za aina nyingi. Mwaka 2024 peke yake alionekana karibu bila maneno katika A Quiet Place: Day One, na akasikika bila kuonekana kama roboti Roz katika The Wild Robot, uso bila sauti, kisha sauti bila uso, mwaka mmoja. Julai 2025 alifichua kwamba mwaka uleule wa Oscar aligunduliwa kuwa na uvimbe katika mfuko wa uzazi, ukatolewa uvimbe 30 kwa upasuaji, na kwamba ulikuwa umerudi. Alisema hayo ili utafiti ufadhiliwe na wasichana waelezwe mapema. Wanawake wengi wa vijijini huita maumivu hayo ya kawaida, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia vinginevyo.

Agosti mwaka huohuo alisimama katika ukumbi wa wazi wa Delacorte, Central Park, New York, uliokuwa umefunguliwa upya baada ya ukarabati, ambako Shakespeare huonyeshwa bila kiingilio. Tamthilia ilikuwa Twelfth Night. Alikuwa Viola, msichana anayenusurika meli inapovunjika na kutupwa ufuoni mwa nchi asiyoijua, akiamini pacha wake amezama. Pacha huyo, Sebastian, aliigizwa na mdogo wake wa damu, Junior Nyong'o, na mwelekezi alikuwa Saheem Ali, mzaliwa wa Nairobi na rafiki yake tangu ujana. Walikiingiza Kiswahili katika vinywa vya pacha hao, kama lugha ya nyumbani kwao, na umati wa New York ukakisikiliza. Huko Gwassi, Homa Bay, husimuliwa habari za Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi maskini ambaye wavu wake ulinasa bibi mwenye jicho moja. Alimpeleka nyumbani, na pamoja naye zikaja ng'ombe zisizohesabika. Siku moja, amelewa, alimkumbusha kwa matusi kwamba alimtoa majini. Mwanamke akainuka, akarudi ziwani, na mifugo yote ikamfuata. Nyamgondho akabaki ameegemea fimbo yake ufuoni pa Nyandiwa hadi alipogeuka jiwe. Viola alikuwa na bahati nzuri zaidi ya wenyeji: nahodha wa meli, mwenyeji wa nchi hiyo, alimsaidia kupata nguo za kujibadilisha na kazi. Onyesho liliendelea hadi tarehe 14 Septemba, na Novemba kituo cha PBS kikalirusha kwenye televisheni, Kiswahili chake kikiwa humohumo.